Mkanda wa Gari la Bi Sugra

Kijiwe chetu kiko nyuma ya Makadara, pale njia inapojibana kabla ya kuingia Mji wa Kale. Ni baraza ya saruji mbele ya jumba lililofungwa tangu wenyewe wahamie ng'ambo. Mimi ni Athmani, fundi cherehani. Mashine yangu iko mlangoni pangu, hatua nne kutoka barazani, kwa hivyo hata nikiwa nimeinamia kanzu ya mtu, hakuna neno linalonipita. Wenzangu ni Chirau, tunayemwita Daktari kwa kuwa alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini miaka thelathini, na Bonface, karani wa reli, mtu wa bara, ambaye tulimbandika jina Reli akanuna mwaka mzima kisha akalizoea. Mapenzi ndiye mwenye kahawa. Wa tano wetu ni Najmuddin, mwenye duka la misumari na bawaba. Alhamisi hiyo baada ya alasiri Najmuddin alikuwa hajafika, na ndiyo sababu tukapata nafasi ya kumzungumza mkewe.

— Bi Sugra auza gari, — alianza Daktari. — Mnunuzi aja leo leo.

— Gari lile jeupe? — nikamuuliza. — Si mwaka jana tu alikuwa akilikosha mwenyewe, hataki mtu aliguse?

— Mikono ile sasa imekufa kabisa, Athmani. Hawezi kushika usukani. Alianza kulalamika mwezi wa pili, na sasa hata kikombe akishika hushika kwa mikono miwili.

Bi Sugra si mtu wa kusahaulika mtaani kwetu. Miaka ishirini na zaidi alikuwa akipika nankhatai, zile biskuti za samli, na kuziuza maduka yote ya Makadara mpaka karibu na Ngome ya Yesu. Zamani alikuwa akizibeba kwa miguu, trei juu ya trei. Mwaka jana, na miaka yake hamsini na sita, akajiandikisha shule ya udereva, akafaulu mara ya kwanza. Siku aliyopata leseni alipita hapa kijiweni akatugawia biskuti za bure, kila mtu nne.

— Mimi nasema ni mshipa wa shingo, — Daktari akaendelea. — Mshipa wa shingo ukibanwa, mkono wapoteza nguvu. Nimewasukuma wengi wa namna hiyo.

— Kusukuma si kutibu, — Reli akamwambia. — Hiyo ni baridi ya gari. Mama huyo alikuwa anafungua ile mashine ya ubaridi mpaka mwisho, inampiga kwenye viganja. Ofisini kwetu kuna mtu aliwekwa dawati chini ya hewa hiyo, akapooza vidole vitatu.

— Vitatu tu?

— Vitatu. Vile viwili vilikuwa mbali na hewa.

Mapenzi akatikisa kichwa huku akimimina kahawa.

— Nyinyi mwatafuta mbali. Mwanamke wa makamo apata leseni mara ya kwanza, apita na gari mbele za watu, biskuti zamalizika kabla ya adhuhuri. Hamjui macho ya watu?

— Husuda, — nikasema mimi. Na wallahi niliamini ninachosema. — Hiyo ni husuda tupu.

— Si husuda peke yake, — Mapenzi akasogea, akashusha sauti. — Gari lile lilikuwa la marehemu mmoja wa kule Feri. Mimi nimeambiwa. Bi Sugra akikata kulia, marehemu avuta kushoto. Hebu fikirini, mwavutana na maiti kutwa kucha, mikono itabaki?

Reli akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. Sisi pia tukacheka. Ndipo tukamwona Crispus amesimama.

Crispus ni fundi wa magari, ana uga wake hapo nyuma ya jumba. Ni kijana, mtu wa kanisa, hana maneno mengi. Mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na kawaida hafiki kijiweni kabla ya kunawa.

— Wazee, — akasema. — Mama Rumana mikono yake imefanya nini?

— Imekufa, — Daktari akamjibu. — Wewe wakaa wapi usijue?

— Imekufa namna gani?

— Haina nguvu. Alishindwa kukata kona hapo kwenye mzunguko, akapanda juu ya ukingo, nusura amgonge mama mwenye mahamri. Tangu siku hiyo hajagusa gari. Amepelekwa hospitali mara tatu. Wamemchoma sindano za kupima mishipa kutoka begani hadi kidoleni, hawaoni kitu. Rumana, bintiye, amwambia mke wangu kwamba mamake ameacha hata kumbeba mjukuu. Zoher yule mdogo, wa mwaka mmoja. Akililia kubebwa, bibi yake atoka chumbani, aogopa atamwangusha.

Crispus akakaa chini, si barazani, chini kabisa, kwenye vumbi.

— Rumana ameniletea ufunguo saa hizi, nikalilete gari ugani nilikague kabla ya mnunuzi kuja, — akasema. — Ameniambia wanauza kwa sababu mama hana mikono. Mimi sikujua. Naapa kwa Mungu sikujua.

— Hukujua nini, kijana?

— Mama hana ugonjwa wowote. Gari ndilo zito. Mimi ndiye nililifanya zito.

Hakuna aliyemwelewa. Ikabidi atueleze polepole, akichora kwa kidole mavumbini. Usukani wa magari ya siku hizi, alisema, hausukumwi na mikono peke yake. Kuna pampu pembeni ya injini, inasukuma mafuta, na mafuta yale ndiyo yanayokusaidia kukata kona. Pampu yenyewe inazungushwa na mkanda wa mpira. Ukitoa ule mkanda, gari linawaka kama kawaida, linakwenda kama kawaida, hakuna taa inayowaka kukuonya. Ila usukani unakuwa kama umefungwa kwa saruji. Na ukienda mwendo mdogo, kama mtu anayekata kona za huku kwetu, ndipo unakuwa mzito zaidi.

— Na wewe uliutoa? — Reli akauliza.

— Nilitumwa.

— Na nani?

Crispus akatuangalia mmoja mmoja. Nadhani alikuwa akitafuta mtu wa kumwondolea mzigo wa kulitaja jina.

— Na mwenyewe. Mzee Najmuddin.

— La! — Daktari akasimama. — La, Crispus. Angalia usemalo.

— Mwezi wa pili, siku ya Jumatatu, alikuja na gari asubuhi. Akasema pampu inavuja, ameagiza nyingine, nitoe mkanda kwa sasa. Nikafungua boneti nikaangalia. Pampu haikuvuja hata tone. Nikamwambia, mzee, hii ni nzima. Akaniambia, toa tu. Nikamuuliza, mama anajua? Maana gari lake litakuwa zito. Akasema, anajua. Mkanda wenyewe mpaka leo uko kwangu, umening'inia kwenye msumari.

Mapenzi aliweka birika chini. Mimi nilikuwa bado nimeshika sindano na uzi, nikajiona nimejidunga kidole, damu imeingia kwenye kanzu nyeupe ya watu, wala sikuisikia sindano ilipoingia.

— Astaghfirullahi, — nikasema. — Mkewe mwenyewe?

— Kwa nini? — Reli akauliza. — Kwa nini mtu amfanyie mkewe hivyo? Gari amemnunulia mwenyewe?

— Amelinunua mkewe, kwa biskuti zake, — Daktari akasema.

— Basi kwa nini?

Swali hilo lilinifika mimi kabla ya wengine, kwa sababu jibu lake nilikuwa nalo. Nililijua papo hapo, nikatamani ardhi ipasuke.

Bi Sugra alipoanza kuendesha, Najmuddin alikuwa akipanda naye asubuhi, mkewe amshushe hapa kijiweni, kisha mwenyewe aendelee na biskuti zake. Mara ya kwanza aliposhuka kiti cha abiria, mimi nilikuwa mlangoni pangu. Nikapiga kelele kama makanga wa matatu: "Abiria, shuka hapa! Abiria usisahau mzigo wako!" Watu wakacheka mpaka wa maduka ya mbele. Kesho yake nikarudia. Jina likashika. Ikawa hatumwiti tena Najmuddin, ni Abiria. Abiria, kahawa yako hii. Abiria, umelipa nauli leo? Daktari alikuwa akimuuliza kama mkewe humfungia mkanda wa kiti. Reli alimchapishia tikiti bandia kule ofisini kwao, akamkabidhi mbele ya watu, naye Najmuddin akaipokea, akatabasamu, akaitia mfukoni. Miezi mitatu tulimcheza hivyo. Kisha Bi Sugra akaanza kuumwa mikono, Najmuddin akawa ndiye anayeshika usukani zikija safari za lazima, nasi tukaliacha lile jina, tukampa pole.

— Ni sisi, — nikawaambia wenzangu.

— Sisi nini? — Daktari akauliza, lakini nilimwona usoni kwamba na yeye ameshafika.

Hatukupata nafasi ya kusema zaidi. Najmuddin alikuwa anakuja, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, leso mkononi anajifuta jasho. Akatusalimu kwa ukamilifu kama kawaida yake, salaam kwa kila mtu na jina lake, na habari za watu wa nyumbani. Tukamwitikia kwa midomo tu.

— Mapenzi, nipe moja, — akasema.

Mapenzi hakumimina.

— Mbona mko hivi? Kuna msiba?

Ni Crispus aliyesema, kutoka pale pale chini:

— Mzee, uliniambia mama anajua.

Nimemjua Najmuddin miaka thelathini. Nilimshonea kanzu ya harusi ya bintiye. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alikaa barazani, taratibu, akaikunja leso yake mara nne juu ya goti.

— Nilidhani ni wiki moja, — akasema. — Wiki moja tu. Nilidhani atachoka, aniambie, gari zito hili, baba Rumana, shika wewe. Basi ningeshika. Hakusema gari zito. Alirudi nyumbani siku ya pili akaniambia, mikono yangu haina nguvu.

— Na wewe ukamwambia nini? — Daktari akauliza.

Najmuddin akaikunjua leso, akaikunja tena.

— Najmubhai, nakuuliza. Ulimwambia nini?

— Nilimwambia ni umri.

— Subhanallah!

— Aliniomba nilijaribu gari mimi, aone kama ni gari au ni yeye. Nikaliendesha mpaka mwisho wa njia iliyonyooka, nikarudi. Nilikata kona moja tu. Mabega yalitaka kung'oka, lakini nikajikaza, nikacheka. Nikamwambia, gari liko sawa.

Reli alishika kichwa kwa mikono miwili.

— Na hospitali? — akasema. — Mzee, wamemchoma sindano mkono mzima! Wewe ulikuwa wapi?

— Nje. Nimeshika mkoba wake.

— Na ukanyamaza!

— Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Na kila kesho ikija, ni jambo kubwa kuliko jana. Nilisema basi, gari liuzwe, yaishe. Likishaondoka nitamwambia tutafute dawa nyingine, ataona nafuu kidogo kidogo...

— Ataona nafuu ya nini? — Daktari akapaza sauti mpaka mtu wa duka la mbele akachungulia. — Ya nini, Najmubhai? Ana ugonjwa gani?

Hapo ndipo Bi Sugra akatokea.

Alikuja kwa miguu kutoka upande wa nyumbani kwao, rida lake la samawati, lile vazi la kufunika kichwa na mwili, likipepea kidogo kwa upepo. Kitabu cha gari alikuwa amekibana kwapani. Nilikiona kile kitabu, kijitabu chepesi kisichozidi uzito wa daftari, nikaelewa kwamba hakukishika mkononi kwa sababu haviamini tena vidole vyake.

— Salaam alekum, — akasema. — Crispus, nimekuletea kitabu. Mnunuzi amefika?

Hakuna aliyeinua macho.

— Bado, mama, — Crispus akasimama. — Mama, kabla hujanipa... gari halina mkanda.

— Mkanda wa kiti? Si ulikuwapo?

— Si wa kiti. Wa usukani.

Crispus akamngojea Najmuddin aseme. Sote tulimngojea. Daktari hata akamgusa begani, akamwambia kwa upole, "Sema mwenyewe, ndugu yangu." Najmuddin alifungua mdomo, akasema "Mama Rumana," basi. Ikawa ni Crispus aliyesema yote, amesimama mbele yake kama mtoto mbele ya mwalimu, na alipofika mahali pa nani alimtuma, hakumtaja. Aliangalia tu.

Bi Sugra hakupiga kelele. Alifuata yale macho ya Crispus mpaka yalipoishia. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

— Waweza kuurudisha sasa hivi?

— Naweza, mama.

— Urudishe.

Tukaenda sote ugani, hata Mapenzi aliyeacha birika lake barazani. Najmuddin alikuja nyuma. Crispus akauangua mkanda msumarini, akaupangusa, akaingia chini ya boneti. Ilimchukua robo saa nzima. Akaongeza mafuta kwenye kile kichupa cha pampu, akawasha gari, akauzungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, kisha akashuka, akaushika mlango.

— Tayari, mama.

Bi Sugra akampa Rumana, aliyekuwa amesimama ukutani haelewi kinachoendelea, kile kitabu. Akakaa. Akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, akakaza mabega, akauma meno, akavuta.

Usukani ukazunguka wote mara moja, kwa ghafla, akayumba nao nusura aangukie mlangoni. Alikuwa amejiandaa kupigana.

Akauachia. Akaugusa tena, safari hii kwa kiganja kimoja. Kisha kwa vidole viwili. Kisha kwa kidole kimoja, cha shahada, akauzungusha kulia, akauzungusha kushoto. Akauondoa mkono, akauinua mbele ya uso wake, akaugeuza, akauangalia kiganjani na mgongoni. Rumana alianza kulia kwa sauti. Daktari, mtu mzima yule, aligeukia ukuta.

— Mama Rumana, — Najmuddin akasema. Alikuwa amekaribia dirishani. — Nilikosa. Nilikosa kosa kubwa. Walikuwa wakinicheka.

Mimi nikajitokeza. Sikutaka, lakini miguu ilijitokeza yenyewe.

— Ni mimi niliyeanza, Bi Sugra, — nikasema. — Jina lile ni langu. Niwie radhi.

Alinitazama kidogo tu, kama mtu aliyesimamishwa na mgeni anayeuliza njia. Hakuwa na haja nami. Akamrudia mumewe.

— Kila jioni, — akamwambia, — wanikalisha kitandani, wanipaka mafuta ya habasoda. Kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye mabega. Na ukimaliza, wanishika mikono waniombea dua. Jana pia.

— Ndiyo.

— Katika dua ile, ulikuwa ukimwomba Mungu nini?

Injini ilikuwa ikinguruma taratibu. Njiani tuktuk ilipiga honi kutaka kupita. Najmuddin alishika ukingo wa dirisha, akaangalia chini, akaangalia juu. Bi Sugra hakumwondolea macho. Alimngoja. Alimngoja muda mrefu kweli. Kisha akamwambia Rumana apande, wakamfuate Zoher nyumbani, akatia gia, akatoka ugani kwa njia ile nyembamba bila kugusa ukuta upande wowote.

Leo ni wiki ya tatu. Gari halikuuzwa. Biskuti zimerudi madukani, na Rumana alimwambia mke wangu kwamba siku ile mamake alimbeba mtoto mpaka mtoto mwenyewe akachoka kubebwa. Crispus alikataa kupokea chochote kwa kazi ile. Mimi nililipia kanzu niliyoitia damu.

Najmuddin huja kijiweni bado. Huja kwa miguu, hukaa pale pale pake, na hakuna anayemwita kwa jina lolote ila lake. Jana Daktari alimuuliza, kwa sauti ya chini, kama mambo ya nyumbani yametengemaa.

— Hatugombani, — Najmuddin akasema. — Hapazi sauti. Chakula aniwekea. Ila jioni, saa ile ile, huja akakaa kitandani, akaninyooshea mikono, akaniuliza tena.

— Na wewe wamjibu nini?

Akakigeuzageuza kikombe, kilikuwa kitupu.

— Athmani, — akaniambia mimi, — wewe waweza kuniambia nimjibu nini?